Ulitoka Steshenari, Meseji Zako Zikabaki

Haya niliwaambia akina mama wa vikundi vya kuweka na kukopa wa kata yetu, Morogoro Mjini, pamoja na vijana wao waliomaliza shule. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.

Shikamooni mama zangu. Dada zangu, wadogo zangu, habari za mchana.

Mwenyekiti aliponialika alisema nije niwaonyeshe namna ya kusoma na kujibu meseji kwa kompyuta, kwa kuwa wengi wenu mnauza mtandaoni na vidole vimechoka kubonyeza kioo cha simu tangu alfajiri. Hilo nitalifanya. Lakini nimemwomba aniruhusu nianze na jambo lililotokea dukani kwangu, kwa sababu tangu siku ile siwezi kumfundisha mtu kufungua meseji zake kwenye kompyuta kabla sijamfundisha kuzifunga.

Mnaonifahamu mnajua nina steshenari, huu ni mwaka wa tisa. Kompyuta tatu, mashine ya kopi, printa mbili na benchi la wateja. Asubuhi moja ya Jumatatu kompyuta ninayoitumia mwenyewe ilikuwa kwa fundi, nikakaa kwenye ile ya dirishani ambayo huwa naiacha kwa wateja. Nilitaka kufungua WhatsApp ya duka. Nikaandika anwani, ukurasa ukafunguka, na kabla sijatoa hata simu mfukoni meseji zikaanza kumiminika. Hazikuwa za duka. Zilikuwa za kaka mmoja aliyekuja kuprinti barua yake ya uhamisho. Juu kabisa kulikuwa na kundi la familia yao, wanajadili michango ya msiba, nani katoa na nani anakwepa. Chini yake, jina la daktari. Chini ya daktari, mtu aliyehifadhiwa kwa jina la mapenzi.

Nilifunga ukurasa haraka. Lakini nilikuwa nimeshaona, na jicho likishaona huwezi kulirudisha nyuma.

Nikaangalia daftari la mauzo. Yule kaka alikuja siku kumi na moja kabla. Siku kumi na moja! Kwenye kiti kile walikuwa wamekaa wanafunzi, wamekaa bodaboda waliokuja kujaza fomu za leseni, amekaa kijana wangu wa kazi kila jioni. Nilimuuliza kijana, akaapa hakugusa, na nilimwamini. Wengine siwezi kuwauliza. Nikampigia simu mwenyewe nikamweleza. Alinyamaza muda mrefu, halafu akasema neno ambalo ndilo limenileta hapa leo: "Lakini dada, nilipotoka pale nilizima data."

Mama zangu, nataka tulishike neno hilo, kwa sababu yule kaka si mjinga. Alichoamini kilikuwa kweli. Kiliacha tu kuwa kweli, na hakuna aliyemwambia.

WhatsApp ilipoanza mwaka 2009 ilikuwa kitu cha simu tupu. Mwezi Januari 2015 ndipo ilipowezekana mara ya kwanza kuifungua kwenye kompyuta kupitia brauza, yaani programu ya kufungulia kurasa za mtandao, kwa kuelekeza kamera ya simu kwenye kile kiboksi cha madoadoa meusi kinachoitwa msimbo wa QR. Kwa miaka kadhaa kompyuta ilikuwa kivuli cha simu. Kila meseji iliingia kwanza kwenye simu, ndipo kompyuta ikaionyesha. Simu ikiishiwa chaji, kivuli kinapotea. Ukizima data, kompyuta inaandika kwamba haiioni simu, na meseji zinakoma. Wengi wetu tuliijua WhatsApp ya kompyuta wakati huo, na ndipo tulipojifunza kwamba ukiondoka na simu yako umeondoka na meseji zako.

Kuanzia mwaka 2021 utaratibu ulibadilika. Sasa kila kompyuta unayoiunganisha inapewa funguo zake yenyewe, na inazungumza na mitambo ya WhatsApp moja kwa moja bila kupitia simu. Akaunti moja inaruhusiwa vifaa vinne zaidi ya simu yenyewe. Unaweza kuiacha simu imezimwa nyumbani Kihonda, ukapanda basi na laptopu yako mpaka Dodoma, na wateja wakaendelea kukupata njiani. Kwa mfanyabiashara hiyo ni neema kubwa. Kwa aliyekuja steshenari kuprinti karatasi mbili, maana yake ni kwamba kuzima data hakufungi kitu. Kompyuta ya dirishani haimhitaji tena. Anaweza kutembea mpaka Msamvu, akapanda gari, akafika Tanga, akalala, na kule dukani kwangu meseji za mke wake zinaingia moja baada ya nyingine.

Kuna kikomo kimoja: simu yenye akaunti isipotumika kwa siku 14, vifaa vilivyounganishwa vinatolewa vyenyewe. Lakini nani katika ukumbi huu anakaa siku 14 bila kufungua WhatsApp? Kila asubuhi unaposalimia kundi la ukoo, unaipa uhai pia ile kompyuta uliyoisahau.

Najua kuna anayesema moyoni, mbona mle ndani wameandika kwamba meseji zimefungwa, hata WhatsApp wenyewe hawazisomi? Wameandika, na ni kweli. Tangu Aprili 2016 kila ujumbe unafungwa kwa fumbo pale unapotumwa na unafumbuliwa pale unapopokelewa, na aliye katikati hapati kitu. Lakini kompyuta uliyoiunganisha haipo katikati. Ni mpokeaji, kama simu yako ilivyo mpokeaji. Fumbo linafumbuliwa palepale kwenye kioo, na yeyote aliyekaa mbele ya kioo anasoma. Yule aliyetengeneza kufuli hakukosea. Sisi ndio tuliompa mtu mwingine ufunguo, tukasahau kuudai.

Nikae kidogo kwenye hicho kiboksi cha madoadoa, maana watu wanakichukulia kama pambo. Kilibuniwa Japani mwaka 1994 na kampuni ya Denso, kwa ajili ya kufuatilia vipuri vya magari kiwandani. Leo mnakiona kwenye lipa namba, kwenye vyeti, kwenye tiketi. Pote huko kinabeba maandishi ambayo mashine inasoma haraka. Kwenye WhatsApp kinabeba ombi. Kompyuta inasema: mimi ni mashine hii, naomba niingie. Simu yako inapokipiga kamera inajibu: ingia. Hakuna neno la siri linaloulizwa, ndiyo maana ni rahisi, na ndiyo maana watu wabaya wanakipenda.

Siku hizi wapo wanaomtumia mtu picha ya kiboksi hicho, au herufi na tarakimu nane, wakimwambia aziingize kwenye simu ili apokee zawadi, au ampigie mtoto wa fulani kura kwenye mashindano, au ajiunge na kundi la mkopo. Hizo nane ni njia nyingine ileile ya kuunganisha kompyuta pale ambapo kamera haifai. Ukiziingiza, hujapiga kura. Umeikaribisha kompyuta ya mtu usiyemjua, iliyoko mji usioujua, ikae ndani ya WhatsApp yako na kuwaomba ndugu zako hela kwa jina lako. Simu huwa inaandika wazi kwamba unaunganisha kifaa. Someni kinachoandikwa, hata kama foleni ni ndefu. Na ukiwa hujakaa mbele ya kompyuta wewe mwenyewe, wakati huo huo, hakuna sababu yoyote duniani ya kupiga kamera kiboksi cha WhatsApp.

Pia anwani. Anwani ya kweli ni web.whatsapp.com, basi. Msiandike jina kwenye ukurasa wa kutafutia halafu mkabonyeza cha kwanza kinachotokea, kwa kuwa tangazo la kulipiwa linaweza kukaa juu ya kile cha kweli, na kiboksi cha bandia kinafanana na cha halali kama pacha.

Sasa niwape kile mlichokuja kukifuata, kwa sababu sitaki mtoke hapa mnaogopa kompyuta. Kompyuta ni chombo cha kazi. Dada yetu mmoja wa kikundi cha pili anauza viungo vya Matombo, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Alikuwa anajibu maswali yaleyale mara arobaini kwa siku kwa kidole gumba: bei gani, unatuma mikoani, robo ni shilingi ngapi. Tulimfungulia WhatsApp ya biashara, ile iliyotolewa mwaka 2018, tukaiunganisha na laptopu aliyonunuliwa na kaka yake. Tukaandika majibu yake mara moja tu, yakahifadhiwa. Sasa anabonyeza kimkwaju (/) kwenye kibodi, anachagua jibu, limekwenda. Orodha ya bei anaichapa vizuri kama faili na kuivuta mpaka kwenye dirisha la maongezi. Picha za bidhaa anazipanga kwenye folda, hazichanganyiki na picha za watoto. Aliniambia kitu nilichokipenda: kwamba siku hizi anawajibu wateja kwa sentensi kamili, na wanamheshimu zaidi.

Kwa wanaouza Instagram, meseji za ndani hazikufunguka kwenye kompyuta kwa miaka mingi. Zilifunguliwa kwa wote Aprili 2020. Huko hakuna kiboksi cha madoadoa, unaingia kwa jina na neno la siri. Nataka kila anayeuza huko, akifika tu nyumbani, akaangalie sehemu ya maombi ya ujumbe. Mtu ambaye humfuati akikuandikia, meseji yake haiji kwenye maongezi ya kawaida, inawekwa pembeni mpaka uikubali. Kwenye simu sehemu ile ni kimstari kidogo ambacho macho yanakiruka. Kwenye kioo kikubwa cha kompyuta inaonekana. Dada wa viungo alikuta watu waliomwandikia miezi nyuma wakitaka kilo tano tano za karafuu. Waliona hajibu, wakaenda kwingine. Facebook nayo ina sehemu kama hiyo.

Kuhusu Messenger ya Facebook, wapo walionijia wakilalamika kwamba wameifungua kwenye kompyuta na meseji za zamani hazipo. Hazijafutwa. Tangu Desemba 2023 Facebook ilianza kufunga maongezi ya watu wawili kwa fumbo kama WhatsApp, na kompyuta mpya haiwezi kusoma ya nyuma mpaka uingize tarakimu sita za siri ulizoziweka. Wengi waliziweka siku ileile walipoulizwa, wakabonyeza haraka wapite, na leo hawazikumbuki. Ukiulizwa kitu kama hicho, simama, chukua daftari, andika, weka mahali unapoweka vyeti vya watoto.

Telegram nitaipita haraka, kwa kuwa hapa wachache wanaitumia kuuza. Mjue tu kwamba maongezi yake ya kawaida yanakaa kwenye mitambo yao, ndiyo maana ukiingia kutoka kompyuta yoyote unayakuta yote tangu mwanzo. Maongezi yale wanayoyaita ya siri hubaki kwenye kifaa yalipoanzishwa.

Narudi kwenye kompyuta isiyo yako, kwa maana huko ndiko kwenye kidonda.

Ukija kwangu, au steshenari yoyote, au ukiwa Nairobi ambako wenzetu huita saiba, na ukalazimika kufungua meseji zako, mwombe mhudumu akufungulie dirisha la faragha la brauza. Kwenye Chrome ni kubonyeza Ctrl, Shift na N kwa pamoja. Dirisha linakuwa jeusi. Ukimaliza na kulifunga, pamoja na madirisha mengine meusi kama yapo, brauza inasahau kwamba uliingia. Ni kinga nzuri, lakini ni ya kumsaidia anayesahau, isiwe sababu ya kusahau. Kabla hujainuka, toka kwa kubonyeza mwenyewe. Halafu, ukiwa bado umesimama kwenye kaunta unasubiri chenji, chukua simu yako uhakikishe kwamba ile kompyuta imeondoka kwenye orodha. Nitawaonyesha orodha ilipo.

Kwa Instagram na Facebook, brauza itakuuliza kama ihifadhi neno lako la siri. Jibu ni hapana. Itauliza tena kwa maneno mengine, na jibu ni hapana tena. Nimewahi kufungua sehemu ya maneno yaliyohifadhiwa kwenye kompyuta ya dirishani nikakuta akaunti za watu zimejipanga kama majina ya rejista ya darasa. Nilifuta zote siku hiyo, na nimezuia kompyuta zisiulize tena. Sijui steshenari nyingine zinafanyaje.

Na hata ukitoka vizuri namna hiyo, kuna kitu kinabaki, na hiki hakuna mteja hata mmoja aliyewahi kuniuliza. Barua uliyoiprinti. Ili iprintiwe, ilibidi ipakuliwe kutoka WhatsApp ikae ndani ya kompyuta. Kujitoa WhatsApp hakuigusi. Dirisha jeusi haliigusi. Inakaa kwenye folda ya vilivyopakuliwa pamoja na cheti cha kuzaliwa cha mtoto wa mwenzako, kitambulisho cha taifa, kile cha NIDA, cha mzee wa jirani, majibu ya hospitali ya mtu nisiyemjua. Siku nilipohesabu folda ile kwa mara ya kwanza nilikaa chini. Mkataba wa nyumba ulikuwemo. Hukumu ya talaka ilikuwemo. Kwa hiyo ukishapokea karatasi zako mkononi, mwambie mhudumu: naomba ufute faili langu, na kwenye kapu la taka pia, nikiona. Si utovu wa adabu. Mhudumu atakayechukia kuambiwa hivyo, usirudi kwake.

Hapa lazima nijiseme na mimi. Wengi wenu hamuunganishi chochote. Mnauliza namba ya duka, mnatuma faili kwenye WhatsApp ya duka, nami naprinti. Tumezoea hivyo nchi nzima, ni haraka, na kwa namna fulani ni salama zaidi, kwa sababu meseji zenu nyingine sizioni. Lakini maana yake simu ya duka langu ilikuwa imebeba miaka ya vyeti na vitambulisho vya nusu ya kata. Ingeibiwa, ningewaambia nini? Vijana wa mkopo wa chuo, nyaraka zenu zote ninyi zilikuwa pale: namba za NIDA, vyeti vya vifo vya wazazi, sahihi.

Nilichofanya ni hiki. Nimeweka maongezi ya duka yajifute yenyewe baada ya saa 24. Nimezima ile hali ya picha kujihifadhi kwenye simu. Kila jioni kabla ya kufunga duka kijana anafuta folda mbele yangu. Sifanyi hisani. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, inamtaka anayekusanya taarifa za watu azitumie kwa kazi aliyopewa na azilinde. Ukinipa cheti nikiprinti, kazi niliyopewa ni kukiprinti. Kukaa nacho miaka mitatu hukunituma.

Kuna jambo la mwisho, na ni zito, na nimelala nikilifikiria kama nilitaje mbele ya watoto. Nimeona nilitaje kwa sababu hata wao watakuwa na wenzi.

Watu wanakuja dukani kwangu kuniomba niwaunganishie WhatsApp ya mtu mwingine. Anakuja mwanaume na simu ya mke wake, anasema mke amelala, fanya haraka. Wamekuja na wanawake pia, wameshika simu za waume zao waliowaachia dakika tano zichajiwe. Wanalia, wengine. Wana sababu, na sababu nyingine ni za kweli kabisa, za mtu aliyeumizwa. Wote nimewajibu hapana, na mmoja alinitukana mbele ya wateja.

Nawajibu hapana kwanza kwa sababu Katiba yetu, ibara ya 16, imeyaweka mawasiliano binafsi ya mtu palepale ilipoweka maskani yake na familia yake. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nayo imefanya kuingia kwenye mfumo wa mtu bila ruhusa kuwa kosa, na sikuona mahali ilipomtoa mume au mke. Lakini hata sheria isingekuwepo, ningejibu hapana. Ukiunganisha WhatsApp ya mwenzio, humsomi yeye peke yake. Unamsoma mama yake anayemweleza ugonjwa wa aibu. Unamsoma rafiki yake aliyepigwa na mumewe na hana mwingine wa kumwambia. Hao hawajakukosea chochote. Nilipokutana na meseji za yule kaka wa uhamisho, jina lililonikaa kichwani halikuwa lake. Lilikuwa la dada yake, yule ambaye familia nzima ilikuwa inamnanga kwa kutotoa mchango, ambaye sasa nikipishana naye sokoni najua kitu juu yake ambacho sikupaswa kukijua.

Kwa unayehofia kwamba umefanyiwa hivyo, kinga iko mkononi mwako. Weka kufuli kwenye simu, la alama ya kidole kama simu inalo, kwa sababu WhatsApp huitaka alama hiyo kabla ya kukubali kifaa kipya. Kufuli la kuchora herufi L ambalo mtoto wa miaka minne analijua halihesabiki. Na wale wanaojitangaza kwamba wana programu ya kompyuta ya kusoma meseji za mtu yeyote, uwape namba yake tu na elfu hamsini, wanakula hela zenu. Namba tupu haifungui WhatsApp ya mtu.

Sasa tuache kusikiliza. Naomba kila mmoja atoe simu. Ndiyo, sasa hivi, na mama mkubwa pale nyuma pia, jirani yake amsaidie, lakini ashike simu mwenyewe.

Fungua WhatsApp. Kwenye simu za Android juu kulia kuna nukta tatu, bonyeza. Mwenye iPhone aende kwenye mipangilio. Tafuta palipoandikwa "Linked devices", yaani vifaa vilivyounganishwa. Bonyeza. Kama hakuna kifaa kilichoorodheshwa, uko salama upande huo, msaidie aliye karibu. Kama ipo orodha, isome taratibu. Itakuonyesha aina ya kompyuta, brauza, na lini ilitumika mara ya mwisho. Jiulize kwa kila moja: hii ni ya nani, na iko wapi leo? Laptopu ya mtoto wako uliyoiunganisha wewe, iache. Usiyoikumbuka, ibonyeze, halafu bonyeza palipoandikwa "Log out". Kuanzia hapo haipokei meseji yako mpya hata moja.

Ambaye amekuta kompyuta asiyoijua asione haya, anyooshe mkono, na asimwonyeshe mwenziwe kioo. Nitakuja mwenyewe hapo alipo tuangalie wawili, kwa sauti ya chini. Mama uliye karibu na mlango, nimeuona mkono wako. Na wewe dada mwenye mtandio wa bluu. Mwenyekiti, wewe pia? Kaeni, nakuja. Naanzia mlangoni.